Kabla hujaweka pesa kwa safari ya angani: hesabu ya fundi wa Luano

Mpwa wangu wa Katuba alinijia jioni moja, simu mkononi. Kuna mtu alikuwa anauza "nafasi" za kwenda angani, dola 300 za kuanzia, na zamu yake ya likelemba, ule mchezo wa kuchangishana pesa na kupeana kwa zamu, ndiyo ilikuwa imefika. "Mjomba, ni kweli?" Nikamwambia akae, nikaleta daftari. Nimetengeneza ndege ndogo miaka 31 kwenye uwanja wa Luano, hapa Lubumbashi. Roketi sijawahi kuigusa, lakini kupima chombo kabla mtu hajakipanda ndiyo kazi iliyonilea. Tulivyohesabu usiku ule naviandika hapa, uvifanye nawe na kijana wako.

Anza kwa kuuliza: angani wapi? Jina ni moja, safari ni mbili. Ya kwanza ni kuruka na kurudi. Unapanda kilomita 80 au 100, unaelea dakika chache, unashuka. Chombo cha Blue Origin, kampuni ya Marekani, kilichokuwa kikiruka Texas kilimaliza yote kwa dakika 10 hivi. Kilomita 100 ni pungufu ya njia ya kwenda Likasi! Ya pili ni kubaki juu ukiizunguka dunia, na hapo urefu si kitu, mwendo ndio kila kitu: kama kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo ungetoka kwetu ukafika Likasi kwa sekunde 15. Mwendo huo ndio unaokula mafuta, na ndio unaokuja kulipwa tena kwa joto kali wakati wa kurudi. Anayekuuzia asipokuambia ni safari ipi, funga simu.

Bei yake igeuze iwe miezi ya kazi. Mwaka 2021 kampuni ya Virgin Galactic ilitaka dola 450,000 kwa ile fupi. Ukiweka dola 300 kila mwezi, bila kulipa minerval, karo ya shule, ya mtoto hata mmoja, ni miaka 125. Ile ndefu usiihesabu: tajiri wa Marekani, Dennis Tito, alilipa kama dola milioni 20 mwaka 2001, Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini akalipa kiasi kama hicho mwaka uliofuata, na mwaka 2022 kiti cha safari ya kampuni ya Axiom kilikuwa dola milioni 55. Miaka ishirini imepita na bei imepanda.

Sasa fika kwenye swali ambalo mimi naliona ndilo lenyewe: chombo hiki kimeruka mara ngapi? Fundi haulizi ndege ni nzuri kiasi gani, anafungua kitabu chake, kinachoandikwa kila safari na kila saa iliyoruka. Injini ikifanya kazi saa nyingi, gharama ya kila saa inashuka. Na katika saa hizo hizo ndimo fundi anagundua ni bolti gani hupasuka. Kwa hiyo bei na usalama vinatoka kwenye ukurasa mmoja. Roketi nyingi za zamani zilitupwa baada ya safari moja, hazikuwa na kitabu. Ndiyo maana nilifurahi kwelikweli Desemba 2015, sehemu ya chini ya Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, ilipotua wima, na tena 2017 moja iliyotumika iliporushwa upya.

Chukua kalamu. Vyombo vya Marekani vilivyoitwa Space Shuttle viliruka mara 135. Viwili vilipotea, watu 14 wakafa: Challenger mwaka 1986, kwa pete ya mpira iliyokakamaa kwa baridi, na ndani yake mwalimu wa shule, Christa McAuliffe; kisha Columbia mwaka 2003, kwa kipande cha povu kilichobanduka kwenye tangi na kutoboa bawa. Ni ajali moja kwa kila safari 67 hivi. Kama ndege mbili tu zingeondoka Luano kila siku kwa kiwango hicho, tungezika watu karibu kila mwezi. Nani angepanda?

Na sisi wa Katanga tusisahau la kwetu. Nilikuwa mtoto Manono wazee waliposimulia moto uliopanda juu ya bonde la mto Luvua. Kampuni ya Kijerumani, OTRAG, iliahidi roketi za bei nafuu, mabomba yanayofanana yaliyofungwa pamoja. Ya kwanza iliruka 1977. Mwaka 1978 ya tatu ilianguka Rais Mobutu akitazama, na 1979 wakafukuzwa. Ahadi ilikuwa unafuu. Kitabu kilikuwa na safari tatu.

Kisha soma karatasi ya kusaini. Sheria ya Marekani ya 2004 inataka abiria aambiwe kwa maandishi kwamba serikali haikuthibitisha kuwa chombo ni salama kubeba watu, naye asaini kwamba ameelewa. Si kama tiketi ya ndege. Mimi niliwahi kukataa kusaini kwamba ndege ni salama, ambayo bosi aliitaka iondoke. Nikakaa nyumbani wiki tatu bila mshahara. Saini ni kitu kizito.

Uliza pia: mambo yakiharibika, mtu anatokaje? Septemba 2022 roketi ya Blue Origin iliharibika ikiwa haina watu, kapsuli, yaani chumba cha abiria, ikajitenga yenyewe na kushuka kwa parachuti. Hilo ni jibu ninaloliheshimu.

Mwili usikutishe sana. Wally Funk, rubani mwanamke wa Marekani, alipanda akiwa na miaka 82, na Hayley Arceneaux, aliyeugua saratani ya mfupa utotoni, alizunguka dunia siku tatu akiwa na chuma mguuni. Wala mlango hauko kwa matajiri peke yao: Sara Sabry, injinia wa Misri, alipanda 2022, kiti chake kikilipwa na shirika la Space for Humanity.

Mimi ninangoja chombo kimoja kifikishe safari elfu bila kifo. Hapo nitaanza kuzungumza bei.

Mpwa wangu alimwandikia yule muuzaji swali moja: mara ngapi? Akafungiwa namba papo hapo. Dola 300 zake zimenunua cherehani. Daftari langu lakini hakulirudisha. Amechora mistari, tarehe upande mmoja, chombo upande mwingine, na kila kinaporuka ananipigia simu tukiandike.