Ukirudi Nairobi na matufe ya bolsi

Seti moja ya matufe manne ya bolsi, ule mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi, ina uzito wa karibu kilo sita. Naanza na mizani kwa sababu ndiyo itakayoamua kama matufe yako yatapanda ndege Desemba au yatabaki kabatini. Kwenye sanduku la kilo 23 toa hizo sita, kisha kumbuka shangazi ameagiza vitamini na blanketi, na binamu keshakutumia saizi yake ya viatu. Kwa maoni yangu, safari ya kwanza yaache, utaazima. Cha kubeba ni viatu vyako vya soli bapa, isiyo na kisigino wala meno. Hakuna atakayekuruhusu kukanyaga nyasi zile na raba za kukimbilia, na viatu vya kuazima havijawahi kumkaa mtu vizuri.

Ila ijue saizi ya tufe lako. Zungushia tufe vidole gumba na vidole vya kati vya mikono yote miwili. Vikikutana bila kujilazimisha, hilo unaliweza. Mimi hutumia namba 3. Kuna siku nilipewa namba 5, likanichomoka mkononi kama tikiti maji lililolowa.

Nayaandika haya kwa walioupata mchezo huu wakiwa ughaibuni na sasa wanapanga likizo ya nyumbani, au wanarudi moja kwa moja. Mimi ulinipata nje kidogo ya Leicester. Vilabu vya mtaani kule vimejaa wastaafu na vinatafuta watu. Msimu wa nje ni Aprili hadi Septemba, na mwanzoni mwake vingi hufungua lango siku moja ili mpita njia yeyote ajaribu bure. Nilikuwa nimekaa miaka miwili bila jirani anayelijua jina langu. Kufikia Julai nilikuwa nikipaka rangi ua wa klabu pamoja na wazee wawili walionigombeza jinsi ninavyoshika brashi. Kama bado uko huko na Jumamosi zako ni za kuhesabu dari, anzia hapo. Nairobi itakusubiri.

Kwa asiyeujua mchezo, maelezo ni mafupi. Unasimama kwenye mkeka mdogo na kuviringisha tufe kuelekea kitufe cheupe au cha njano kiitwacho jeki (si ile ya kuinulia gari). Jeki yenyewe lazima itue angalau mita 23 kutoka mkekani. Tufe lililoikaribia zaidi ndilo lenye pointi. Ugumu ni kwamba tufe halikuchongwa sawa pande zote: likianza kuishiwa mwendo, hujikunja kuelekea upande wenye nembo ndogo. Ukiishika nembo hiyo ikitazama nje, tufe litaondoka kwenda kuwaamkia wa kiwanja cha pili. Kila mchezaji ameshafanya hivyo, na kwa kawaida ni siku ambayo watu wametoka kutazama.

Sasa jambo litakalokuumbua ukifika nyumbani ni mwendo wa nyasi. Wachezaji huupima kwa sekunde: muda ambao tufe linachukua kufika umbali wa karibu mita 27 na kusimama. Viwanja vya Uingereza mara nyingi hucheza sekunde 10 hadi 12, na vya New Zealand hupita 14 bila shida. Wageni hudhani sekunde nyingi ni kiwanja kizito, kumbe ni kinyume chake. Kwenye nyasi nzito hulazimika kulisukuma tufe kwa nguvu, kwa hiyo hufika upesi na kusimama ghafla, tena halipati muda wa kujikunja sana. Kwenye nyasi fupi na kavu unaliachia taratibu, linateleza kama limesahau kusimama, na mkunjo wake unakuwa mpana ajabu. Ndiyo maana aliyezoea kiwanja kizito akikuta chepesi hupeleka matufe yote kwenye mtaro wa pembezoni mwa kiwanja, na aliyezoea chepesi akikuta kizito huyaacha yote njiani.

Nairobi inakupa vyote viwili ndani ya mwezi mmoja. Ukitua mapema Desemba mvua za vuli hazijakatika vizuri, nyasi zimenona na udongo umelowa. Januari jua limekaza na kiwanja ni kingine kabisa. Julai nako kuna umande na ile baridi ya mawingu, na asubuhi tufe hutoka likiwa na mstari wa maji nyuma yake. Kwa hiyo raundi mbili za kwanza usizihesabu. Tupa tufe la kwanza ukiangalia linakoishia, usibadilishe mkono wala hatua, kisha rekebisha kitu kimoja tu. Na kabla hata ya hapo, msalimie mtunza kiwanja. Yeye anajua nyasi zilikatwa jana au juzi, na kona ipi ina bonde lisiloonekana kwa macho. Skipa, yaani nahodha wa timu, atakueleza mbinu, lakini mtunza kiwanja atakueleza ukweli.

Kofia na mafuta ya jua usisahau. Jiji liko karibu na ikweta, mita 1,700 na ushee juu ya bahari, na ule ubaridi wa hewa hudanganya.

Klabu nazo si kama za kule. Klabu ya Leicester ilikuwa kibanda, birika na watu kumi na wanane. Hapa bolsi imo ndani ya klabu kubwa za wanachama, kama Nairobi Club iliyoanzishwa mwaka 1901 na iliyoko Upper Hill kando ya Ngong Road. Huingii kwa kupita tu barabarani. Uanachama wa klabu za namna hii kwa kawaida unataka mtu wa kukupendekeza, mwingine wa kumuunga mkono, ada isiyo ya mchezo, na subira. Mwenye wiki tatu za likizo asijisumbue na fomu. Ana njia mbili: aalikwe na mwanachama, au aiulize klabu yake ya ughaibuni kama ina makubaliano ya kupokeana wageni na klabu ya Nairobi, na apewe barua kabla ya kusafiri. Barua iwe mkononi. Kumwambia askari wa getini kwamba umemwandikia katibu hakutoshi.

Uliza pia kuhusu mavazi. Mimi nilirudishwa getini kwenye klabu moja kwa sababu ya jinzi, na kosa lilikuwa langu, maana nilishaambiwa. Shati lenye kola na suruali nyeupe hazijawahi kumtia mtu matatani.

Baba yangu mdogo alihudumu katika klabu mojawapo ya jiji kwa miaka mingi, akianza wakati Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni na kutoka kwa huo huo. Nilipomwonyesha tufe langu alilipima mkononi kimya, kisha akaniuliza, “Kwani nawe umeanza ya kina bwana mkubwa?” Nikamwambia, “Baba, huko majuu hucheza hata dereva wa basi.” Akalirudisha. “Nyasi zile tulizipita pembeni, kijana. Miaka yote ile tulipita pembeni na trei.” Nilimwalika. Hakutaka kucheza, lakini alikaa kwenye benchi hadi saa kumi na mbili jioni akihesabu pointi kwa sauti, na mara mbili alikuwa sahihi kuliko ubao.

Ukipangwa kwenye timu ya wanne, utapewa nafasi ya kwanza: kutandika mkeka, kurusha jeki na kutupa matufe yako mawili mapema. Ikubali. Wa pili huandika alama, wa tatu hupima, na skipa hukaa upande wa jeki akielekeza. Usimbishie skipa hata kama ulikuwa skipa wewe huko utokako. Tufe la mwenzio likitembea, simama tuli na simu yako inyamaze. Mkimaliza peaneni mikono, hata kama mmepigwa vibaya.

Baadaye ni vinywaji, na hapa mgeni huaibika kwa njia asiyoitarajia. Vilabu vingi huandika bili kwenye akaunti ya mwanachama, na noti zako hakuna anayezitaka. Utakunywa na kula kwa jina la mwenyeji jioni nzima. Kwa hiyo jipange kumletea zawadi tangu huko uliko. Futi ya kupimia bolsi, ile ndogo yenye uzi unaovutwa hadi kwenye tufe, haina uzito wowote sandukuni, na haipatikani dukani River Road. Ongeza pakiti ya chaki za kuwekea alama matufe yaliyogusa jeki, za vijiti, maana kopo la kupuliza linaweza kuishia kwa watu wa usalama uwanja wa ndege. Mwenyeji wangu futi yangu ya kwanza aliipokea bila kusema mengi, akaitia mfukoni, na Desemba iliyofuata ndiye aliyenipigia simu kuniuliza nitatua lini.