Jinsi ya kukagua bunduki ya zamani ya upepo na kuutambua ufundi wake

Bunduki ya upepo ya springi haitumii baruti wala gesi ya chupa. Ukiikoki, nguvu ya mkono wako inaibana springi iliyo nyuma ya pistoni. Ukivuta triga, pistoni inachomoka kwenda mbele ndani ya silinda, hewa inabanwa ghafla na kuisukuma risasi ya milimita 4.5 au 5.5. Nguvu yenyewe ni ndogo, kwa hiyo hewa ikivuja kidogo tu utaiona athari yake kwenye shabaha. Ndiyo maana mafundi wa zamani walihangaika sana kulinganisha kipande na kipande, na kazi yao inaonekana vizuri zaidi bunduki ikiwa mezani kuliko ikiwa begani.

Tuchukue Diana 27, bunduki ya kukunja mtutu (unaikoki kwa kuukunja mtutu kwenda chini) iliyotengenezwa na Mayer & Grammelspacher mjini Rastatt, Ujerumani. Kwanza fungua mtutu uhakikishe hauna risasi, na mdomo wake uelekee mahali salama muda wote. Kama bado hujainunua, ulizia polisi habari za kibali kabla ya kutoa hela.

Ishike karibu na dirisha, mwanga uipige kwa ubavu. Tazama maandishi yaliyogongwa kwenye chuma. Kingo za herufi zikiwa kali na weusi wa chuma umeingia hadi ndani ya herufi, hiyo ni rangi ya kiwandani. Herufi zilizofifia na matundu ya skrubu yaliyolika pembeni ni dalili kwamba mtu alipiga msasa kisha akatia rangi upya. Angalia pia vichwa vya skrubu: mfuo uliochanika una maana bisibisi isiyolingana imeshapita hapo. Upande wa kushoto, nyuma ya silinda, mara nyingi utakuta mwezi na mwaka. 04 72 ni Aprili 1972.

Jina lisikuchanganye. Baada ya Vita Kuu ya Pili, jina la Diana lilichukuliwa na kampuni ya Milbro ya Motherwell, Uskoti, kwa hiyo zile za Rastatt ziliuzwa Uingereza kwa jina la Original, na Marekani modeli hii iliuzwa kama Winchester 427. Soma nchi iliyoandikwa, si jina peke yake. Kwa umaliziaji, za Rastatt ziko juu.

Sasa bawaba. Koki bunduki mpaka pistoni inase, kisha, ukiwa bado umeushika mtutu, urudishe hadi katikati ya safari na ulegeze mkono kidogo. Bawaba iliyokazwa sawasawa huuacha mtutu pale pale ulipouweka. Ukianguka wenyewe, bolti ya bawaba imelegea, na mtutu utacheza kushoto na kulia. Usivute triga mtutu ukiwa wazi kwa sababu yoyote ile: mtutu hurudi kwa kishindo, huweza kukata vidole na hupinda kwenda juu. Bunduki inayopiga juu ingawa kilengeo cha nyuma kimeshushwa hadi mwisho, ipime mtutu wake kwa rula iliyonyooka.

Triga ndiyo sehemu inayostahili muda wako mwingi. Badala ya jino linalonasa pistoni upande mmoja, Diana 27 ina gololi tatu za chuma zinazokaa kuuzunguka mkia wa pistoni. Bunduki ikikokiwa, gololi huingia kwenye mfuo wa mkia huo, na kikombe cha nje huja juu yake na kuzizuia zisitoke. Ukivuta triga, kikombe kinateleza, gololi zinatawanyika, pistoni inaachiwa. Mzigo wa springi umegawanywa mara tatu, kwa hiyo kidole chako kinasukuma kikombe tu, hakipambani na springi nzima. Weka risasi, elekeza kwenye kizuizi cha risasi, vuta taratibu: utasikia hatua ya kwanza nyepesi, kisha ukuta, kisha kuachia kusiko na mkwaruzo. Mkwaruzo mara nyingi ni grisi ya zamani iliyoganda. Anayeifungua huzishikilia gololi kwa grisi wakati wa kurudisha, vinginevyo hudondoka. Na asiifungue mtu yeyote bila klampu ya springi, kwani springi imebanwa hata bunduki isipokokiwa.

Kwenye kichwa cha pistoni kuna washa ya ngozi. Ngozi ikikauka hewa hupita pembeni, bunduki hupoteza nguvu na pistoni hugonga kwa ukali. Tia matone matatu au manne ya mafuta ya ngozi kwenye tundu la hewa, lile lililo mbele ya silinda mtutu ukifunguliwa, isimamishe mdomo ukiwa juu, uiache usiku kucha. Usitumie mafuta ya injini: joto la hewa iliyobanwa huyawasha, utaona moshi na kusikia mlio mkubwa, na springi huumia. Kujua kama kiungo cha mtutu kinavuja, weka kipande cha karatasi ya shashi juu yake kisha fyatua ukiwa na risasi ndani. Karatasi ikiruka, badilisha washa ya hapo.

Bunduki za upepo za BSA, kampuni ya silaha ya Birmingham, Uingereza, zilizotokana na hataza ya Lincoln Jeffries ya 1904, zilichukua njia nyingine: mtutu haukunjwi, risasi huingizwa kwenye koki inayozungushwa kama ya bomba la maji. Koki hiyo imesagwa mpaka ikae na tundu lake, hivyo ya bunduki nyingine huenda isikubali. Izungushe kwa kidole. Iwe nzito kidogo, laini, na isitikisike.

Usifyatue bila risasi, maana pistoni hukosa mto wa hewa. Usiihifadhi ikiwa imekokiwa, springi itachoka. Ukimaliza kukagua, futa chuma chote kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa ukiwa pwani, kwa sababu jasho la kiganja pamoja na hewa ya chumvi huleta kutu haraka.