Anza na Mlango Unaoupita Kila Siku

Kabla hujanunua daftari la kuchorea, chukua karatasi yoyote, hata nyuma ya risiti, uchore mlango wa nyumba unayoipita kila siku. Usiende kuutazama kwanza. Chora kwa kumbukumbu tu, kadiri unavyoujua. Ukimaliza, nenda nayo mpaka pale mlangoni, usimame, na kwa bolpeni nyekundu usahihishe kila ulipokosea.

Mlango wangu uko Mtaa wa India, hapa Bagamoyo. Nilikuwa nimeupita asubuhi na jioni kwa miaka 11, nikienda na kurudi shuleni ninakofundisha Kiswahili. Niliuchora una misumari ya shaba mbao zote mbili, na maua juu. Nilipofika nikakuta shaba iko ubao wa kushoto peke yake. Ule wa kulia ulishabadilishwa zamani, ni mbao tupu isiyo na nakshi, imepigiliwa komeo la dukani. Juu hakukuwa na maua. Kulikuwa na mnyororo uliochongwa kuizunguka fremu nzima, pete ndani ya pete, mpaka chini karibu na kizingiti, ambako mchwa wamekula pete tatu. Na mfaa, ule ubao mwembamba unaosimama katikati ambao ndio fundi alioupamba kuliko yote, sikuuchora kabisa. Miaka 11! Wino mwekundu ulijaa karatasi nzima, nami nikaona uchungu wa kweli, kwa sababu nilijiona mwenyeji.

Karatasi hiyo naihifadhi mpaka leo. Ndiyo iliyonifundisha kwamba ninapochora sitafuti picha ya kutundika ukutani. Natafuta kuona. Mchoro ukitoka umepinda na umeona, umefanya kazi yake.

Vifaa visikusumbue. Mimi natumia kauntabuku ya kwaya mbili, ile ya mistari, kwa sababu nusu ya kazi ni kuandika na jalada lake gumu linatosha kuwa meza. Penseli ya HB na bolpeni nyeusi. Makapeni usiyaguse: masika moja mvua ilinikuta njiani nikapoteza kurasa za wiki mbili, wino wote ukawa ziwa. Bolpeni ililowa vilevile na mistari ikabaki.

Sasa chagua mahali pamoja, urudi hapo hapo. Usitembee mji mzima siku moja. Mimi nilichagua ufukwe wa karibu na soko la samaki, chini ya mwarobaini, na kila ukurasa naanza kwa mstari mmoja: tarehe, saa, upepo, maji, na mwezi wa angani una siku ngapi tangu uandame. Upepo ni kaskazi au kusi, au hakuna. Maji yanapwa au yanajaa. Mwanzo niliuandika mstari huo kama mahudhurio ya darasani. Baada ya mwezi mmoja ndio ukawa mstari ninaoupenda kuliko michoro, maana ulinionyesha mwendo wa mahali. Kujaa kwa maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukitaka kuchora mashua zikiwa zimelala mchangani vilevile kama jana, usirudi saa ile ile, rudi karibu saa nzima baadaye. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hapa hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa mnamo saa kumi jioni. Tofauti ya juu na chini hufika mita 3 na zaidi, na vyombo vinakaa mbali mchangani hata unaweza kuvizunguka kwa miguu. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: saa nne asubuhi maji yamejaa, na hata yakipwa hayaendi mbali. Watoto wa wavuvi wanalijua hili tangu hawajaingia darasa la kwanza. Mimi niliyekulia Iringa nililijua kwa penseli.

Na jua nalo liangalie. Bahari yetu iko mashariki, asubuhi mwanga unakupiga usoni na mashua zote ni vivuli vyeusi. Ni saa nzuri ya kuchora maumbo. Ukitaka mbao, misumari na rangi zilizobanduka, nenda alasiri jua likiwa mgongoni kwako.

Ukishakaa, usichore. Zima simu, dakika kumi za kwanza andika tu unachosikia na unachonusa, kwa maneno mafupi. Ukurasa wangu mmoja wa Julai una haya: mafuta yanachacharika kwenye karai, dalali anataja bei, nyundo, mbili kisha kimya, mbili kisha kimya, harufu ya moshi wa makuti. Ile nyundo ndiyo iliyonifanya nigeuke nyuma nikamwona fundi anayetia kalafati, akisukumia pamba kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu, nikamchora yeye badala ya bahari.

Halafu chora bila kutazama karatasi. Jicho liweke kwenye ukingo wa kitu, tuseme ubavu wa ngalawa, ulipeleke polepole kama sisimizi anayeufuata ukingo huo, na mkono ufuate mwendo ule ule. Usiinue penseli, usichungulie. Mchoro utatoka wa ajabu, lakini utakuta umenasa pale ubao ulipobonyea na pale ulipoungwa, vitu ambavyo ukichora kwa kutazama karatasi mkono huviruka, kwa sababu mkono unachora ngalawa unayoijua na si ile iliyo mbele yako. Fanya hivi mara tatu kwa kitu kimoja. Ya nne, tazama karatasi.

Kuhusu watu, salimia kwanza, kaa, kisha eleza. Soko la samaki ni kazi ya watu na wengine hawapendi sura zao zichukuliwe, hata kwa penseli. Akikataa, chora mikono yake kwa ruhusa yake, au chora ndoo. Na ukurasa ukimalizika waonyeshe. Hapo ndipo mafunzo yalipo. Siku moja mzee mmoja, nahodha aliyestaafu, alisimama nyuma yangu muda mrefu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, Mwalimu. Chombo chako hiki kinakwenda wapi?"

Nikamwambia kinatoka, kinaelekea Unguja.

"Hakitoki. Kinarudi kinyumenyume." Akaweka kidole kwenye foromali niliyoichora, ule mti unaoshika tanga. "Ncha ya chini hukaa upande wa omo. Ya juu ndiyo inayoelekea tezi. Wewe umeigeuza."

Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma. Nikatazama baharini. Mashua nne zilikuwa mbele yangu na zote foromali zimekaa kama alivyosema. Nilikuwa nimezitazama saa nzima. Nikamuuliza, kwa haya kidogo, ngama ni wapi hasa, kwa sababu methali ya tezi na omo marejeo ngamani nimeifundisha darasani mwaka hadi mwaka nikiieleza kwa maneno ya kitabu. Akanichukua mpaka kwenye mashua iliyolala mchangani, akanionyesha chini kabisa ndani yake, pale maji yanapokusanyika. Yalikuwa meusi, yana magamba ya samaki, na kopo la rangi lililokatwa linaelea juu yake, la kukumbia. Nimelichora lile kopo ukurasa mzima. Tangu hapo kila mchoro una maneno pembeni, jina la kila sehemu kama mwenyewe anavyolitaja, na herufi ya kwanza ya aliyenipa. Fanya hivyo nawe. Jina likikosekana, acha mshale na nafasi wazi, uulize kesho.

Rangi si lazima, ila ukitaka kivuli, muuza kahawa anayo. Nunua kikombe, kunywa nusu, iliyobaki ipake kwa burashi au kwa kidole kilichofungwa kitambaa. Tabaka moja ni rangi ya mchanga mbichi. Iache ikauke, ongeza la pili na la tatu, utapata kivuli cha chini ya baraza. Kwenye kauntabuku karatasi itajikunja, si neno.

Kahawa inafaa zaidi kwenye kuta. Tafuta nyumba ya mawe ambayo chokaa imebanduka, hapa Mji Mkongwe wa Bagamoyo zipo nyingi, usogee mpaka uone tumbawe lenyewe: utakuta mistari iliyojikunjakunja na vitobo vya nyota, maana jiwe hilo lilikuwa hai baharini. Kisha inua macho uzihesabu boriti za mikoko darini, upime chumba kwa hatua. Ni chembamba, kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti. Jambo hili lilinijia nikiwa nachora, nikishangaa kwa nini kila chumba kinanitoka kama korido.

Wageni huchora mnara wa misheni, ambako mwili wa Livingstone ulifikishwa tarehe 24 Februari 1874 na watumishi wake, akina Chuma na Susi. Uchore ukipenda. Mimi huko kwenye magofu ya Kaole, kilomita tano hivi kusini, nimechora mara saba kaburi moja la nguzo, na bado kivuli chake sijakiweza.

Ukifika mwaka, rudia ule mlango wa kwanza kwa kumbukumbu, bila kufungua ukurasa wa zamani, uende tena na bolpeni nyekundu. Wangu mwaka huu ulipata alama nyekundu tatu. Mbili ni makosa yangu, kwenye mfaa. Ya tatu ni komeo: mwenye nyumba amelipaka rangi ya kijani wiki iliyopita.