Jinsi ya kuchunguza taa za ajabu angani usiku kwa njia ya wachunguzi wa jeshi

Ukiona taa usiyoielewa angani usiku usikimbilie kujiuliza ni kitu gani, anza na upande iliko, kimo chake na saa. Hayo matatu ndo yametatua kesi nyingi za taa kama hizo jeshini.

Upande ni rahisi, fungua dira kwenye simu uandike digrii. Kimo pima kwa ngumi: nyoosha mkono mbele kabisa, ngumi moja ni kama digrii 10 na kidole kidogo ni digrii 1, hesabu kuanzia upeo wa macho mpaka kwenye taa. Saa iandike 22:05, maana ukiandika "saa nne" tu kuna mtu ataisoma 04:00, na saa ikishakosewa hakuna rekodi ya rada itakayolingana na maelezo yako. Simama palepale, alafu ilinganishe taa na kitu kisichosogea, nguzo au kona ya paa, kwa sababu jicho likikodolea nukta moja gizani litaiona inacheza hata kama imetulia tuli.

Sasa hapa ndo wengi wanaharibu, utasikia "ilikuwa kubwa kama uwanja, ilikuwa kilomita mbili, inakimbia kuliko ndege". Taa tupu usiku haikupi umbali, na bila umbali huna ukubwa wala spidi, hata uwe rubani mzoefu. Machi 5, 2004 ndege ya jeshi la anga la Mexico ilikuwa inasaka wasafirishaji wa dawa za kulevya, kamera yake ya infraredi, inayoona joto, ikanasa taa 11 ambazo kwa macho hazikuonekana, na zilionekana kama zinaifuata ndege. Wizara ya ulinzi ikaitoa video hadharani. Waliokuja kuchukua digrii za kamera na kuzichora kwenye ramani wakakuta mstari unaelekea kwenye visima vya mafuta vya ghuba ya Campeche, kule gesi inachomwa juu ya majukwaa, mbali sana na ndege, na kitu cha mbali ukiwa unatembea siku zote kinaonekana kama kinakufuata.

Kwa hiyo ukirekodi video hakikisha kuna milima, paa au miti ndani ya picha, kisha rudi mchana upige tena ukiwa umesimama palepale. Usiku wa Machi 13, 1997 pale Phoenix, Marekani, mstari wa taa za mida ya saa nne ulizimika moja baada ya nyingine, watu walipoweka picha za mchana juu ya video wakaona zinazimika pale zinapofika nyuma ya milima ya Estrella. Zilikuwa taa za moto za kijeshi za kumulikia (flares) zinazoning'inia kwenye parachuti, zilizodondoshwa na ndege za kivita za A-10 juu ya uwanja wa mazoezi.

Taa ikipepesa, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kwenye msitu wa Rendlesham, Uingereza, Desemba 1980, ofisa wa jeshi la anga la Marekani Charles Halt alirekodi sauti yake akiielezea taa ilivyokuwa inatokea, na vipindi vinalingana na mnara wa taa ya kuongozea meli wa Orford Ness, uliokuwa unamulika kila sekunde 5 (mwenyewe hajawahi kulikubali jibu hilo, ila kanda aliyoacha ni ushahidi mzuri kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote).

Mashahidi watenganishe kabla hawajaongea, kila mtu achore peke yake. Ukimpata aliyeona akiwa sehemu nyingine wakati uleule chora mistari yenu miwili kwenye ramani, inapokatana ndo mahali pa taa, na hapo sasa unaweza kuzungumzia umbali.

Kisha anza kuondoa: Zuhura jioni au alfajiri, kituo cha anga za juu kinachopita bila kupepesa kwa dakika chache, msururu wa satelaiti za Starlink siku za mwanzo baada ya kurushwa, ndege, droni. Taa isipolingana na hata kimoja, andika "haijatambuliwa" uishie hapo. Mradi wa Blue Book wa jeshi la anga la Marekani, uliokuwa unachunguza ripoti za vitu vya ajabu angani, ulifungwa 1969 ukiwa na ripoti 12,618, na 701 zilibaki na neno hilo hilo.

Faili la video litunze lilivyo, usilipitishe WhatsApp, linabanwa na taarifa zake za saa na kamera zinapotea.