Injini ya hewa ya silinda inayobembea: jinsi ya kuiunda nyumbani

Mwenye jiliwa, drili ya mezani na tupa mbili tatu anaweza kuunda injini hii kwenye baraza ya nyumba yake. Haina vali wala plagi. Silinda hubembea kwenye pini huku ikiteleza juu ya bamba la chuma lililosimama, ambalo hapa tutaliita nguzo. Tundu la silinda likienda upande mmoja hukutana na tundu la kuingiza hewa. Likienda upande wa pili hukutana na tundu la kutolea. Ugumu wote umo pale nyuso hizo mbili zinapogusana. Uso ukiwa bapa, injini itazunguka kwa pampu ya baiskeli. Ukiwa na mbonyeo, hata kompresa haitaisaidia.

Vipimo vikuu ni hivi: kipenyo cha ndani cha silinda milimita 10, mwendo wa pistoni milimita 16, na kutoka pini ya kubembea hadi kitovu cha shafti milimita 40. Hivi vinategemeana. Usibadilishe kimoja bila kupiga hesabu upya, kwa sababu mahali pa matundu panatokana navyo.

Kwa silinda tafuta shaba ya manjano, ile mafundi huiita brasi, ya mraba wa milimita 20, na ukate urefu wa milimita 34. Wauza vyuma chakavu wa Gikomba, soko la Nairobi, huuza vipande kwa kilo; nenda na vernia (kipimo cha kubana cha milimita) na tupa ndogo, ukwaruze kona, maana chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu hudanganya macho. Nguzo ni chuma cha kawaida, unene milimita 8, upana 40, urefu 90. Shafti ya milimita 6 hupatikana kwenye printa mbovu: ile fimbo inayong'aa ambayo kichwa cha wino hupita juu yake. Ipime kwanza, kisha ijaribu kwa tupa. Tupa ikiteleza bila kuuma, fimbo imefanywa ngumu kwa moto na haitakubali kutobolewa, ila kwa shafti ni nzuri sana.

Kazi ya kukereza ni afadhali umpelekee fundi wa Kariobangi Light Industries, eneo la karakana jijini Nairobi: pistoni ya chuma yenye urefu wa milimita 12, sahani ya krenki (inayogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko) yenye kipenyo cha milimita 24 na unene wa 6, na flaiwili, yaani gurudumu zito la kuendeleza mzunguko, ya kipenyo cha 60 na unene wa 12, ambayo itakuwa na uzito wa karibu gramu 270. Usimpe fundi karatasi ya vipimo peke yake. Mpe silinda iliyokwisha kutobolewa, umwombe apunguze pistoni mpaka iingie kwa kidole bila kucheza. Mwambie pia akate mifereji mitatu ya kina cha nusu milimita kuzunguka pistoni ili ishike oili. Mpira wa kuziba usiuweke, kwa kuwa msuguano wake ni mkubwa mno kwa injini ndogo kiasi hiki.

Basi anza na silinda. Toboa katikati kwa biti ndogo, upande hatua kwa hatua hadi 9.8, kisha umalizie kwa rima (kifaa cha kusawazisha tundu) ya milimita 10, ukiizungusha upande mmoja tu. Ukiirudisha nyuma, chembe za chuma hukwaruza ukuta na makali ya rima huharibika. Chagua uso mmoja wa nje uwe uso wa kuteleza na uuchore mstari wa katikati. Pini iwe milimita 16 kutoka ncha ya juu. Tegesha bikari kwenye milimita 13, weka mguu wake kwenye alama ya pini, piga alama kuelekea juu. Hapo ndipo pa tundu la hewa. Bikari hiyo usiilegeze hata kidogo. Utaihitaji ilivyo kwenye nguzo.

Biti ya milimita 2.5 inafanya kazi mbili hapa. Tundu la hewa linapenya hadi ndani ya silinda. Tundu la pini linapigwa nyuzi za M3, yaani za skrubu ya milimita 3, na halipenyi. Ukuta una milimita 5. Toboa milimita 3.5 uache, kwani ncha ya biti huongeza kina cha karibu robo tatu ya milimita. Pini ikitokeza ndani, pistoni itagonga. Ukishatoboa, pitisha rima tena kuondoa vinyoleo pembeni mwa tundu.

Sasa uso wenyewe. Kabla ya kufunga pini, weka fimbo iliyonyooka ya milimita 10 ndani ya silinda, itokeze pande zote mbili, upime kutoka fimbo hadi usawa wa uso kwenye kila ncha. Tofauti isizidi milimita 0.05. Ikizidi, sugua upande ulio juu kwa tupa laini. Kisha laza msasa wa maji wa namba 400 juu ya kipande cha kioo kinene, uudondoshee mafuta ya taa, usugue silinda kwa mwendo wa namba nane. Chora mistari ya kalamu ya maka kwenye uso. Sugua mpaka mistari yote ifutike kwa pamoja. Endelea na 800, umalizie na 1200. Nguzo nayo ifanyiwe hivyo hivyo. Tenga saa nzima kwa kazi hii.

Kwenye nguzo chora mstari wa katikati, kisha mistari miwili sambamba nao, kila mmoja ukiwa milimita 2.6 kando. Tia alama ya pini, na milimita 40 chini yake alama ya shafti. Kwa bikari ile ile piga tao juu ya pini. Pale tao linapokata mistari ya kando ndipo matundu mawili yanapokaa. Yatoboe kwa 2.5, kina cha milimita 5. Halafu, kwa kila upande, toboa kutoka ubavuni mwa nguzo milimita 18 ili ukutane na tundu lake, na upanue mwanzo wake hadi milimita 4 kwa ajili ya bomba dogo. Ukizidisha kina, utaunganisha matundu hayo mawili na nguzo itakuwa ya kutupwa.

Pini ya krenki, ya milimita 4, inakaa milimita 8 kutoka kitovu cha sahani, sambamba kabisa na shafti. Fimbo ya pistoni ipimwe hivi: kutoka kichwa cha pistoni hadi kitovu cha pini ya krenki, milimita 43.5. Kwa kipimo hicho pistoni hufika juu ikaishia chini kidogo ya tundu. Ikirefushwa milimita mbili italifunika sehemu kubwa, na hewa itabaki na njia finyu ya kuingilia.

Ziba juu ya silinda kwa kifuniko kinachoingia milimita 1.5 ndani. Funga pini kwa gundi ya kushika nyuzi za skrubu, pitisha kwenye nguzo, weka springi ya kalamu na nati nyuma. Oili nyepesi ya cherehani inatosha.

Anza na psi 15, uzungushe flaiwili kwa mkono, kwani injini hii haijianzishi yenyewe. Ikizunguka kinyume, hamishia bomba tundu la pili. Ikinguruma hewa bila kuzunguka, sogeza krenki mpaka pistoni iwe juu kabisa: hewa ikipita hapo, matundu yamepanuka au yamekaribiana, na hakuna dawa ila kuziba tundu la silinda na kulitoboa upya kwa biti ya 2. Ikivuja kote, rudi kwenye kioo na msasa. Kukaza springi huongeza msuguano tu. Ikikwama mahali pamoja katika kila mzunguko, pini ya krenki imeinama.

Hewa ya muda mrefu waweza kuitoa kwenye spea taya ya gari yenye psi 30, ukiweka kidhibiti cha hewa katikati ya mpira wa kupitishia hewa. Ukitaka kuiendesha kwa mvuke, kamwe usichemshe maji ndani ya kopo lililozibwa. Boila ni kazi nyingine, yenye valvu ya usalama na majaribio ya shinikizo la maji baridi kabla haijawekwa motoni.