Somo: Tengeneza mwenyewe mchezo wa kompyuta wa SST (maarifa ya jamii) kwa P.6 (darasa la sita Uganda)

Walimu wenzangu, hamjambo. Wengi mmeuliza tufundisheje SST kwa kompyuta wakati shule ina laptopu moja na intaneti ya kubahatisha. Inawezekana, wala huhitaji kujua kuandika programu. Leo tutengeneze mchezo wa P.6, ambako watoto wanasoma Afrika Mashariki: kupeleka kahawa kutoka Kampala mpaka baharini.

Kwanza niseme ninachokiamini. Michezo mingi inayoitwa ya elimu ni mtihani uliopakwa rangi. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako wapi? Arusha. Makofi, swali linalofuata. Mtoto amekumbuka, hakufikiri. SST ni habari za watu wanaoamua wapite wapi, wauze nini, wakubaliane vipi na jirani. Mchezo wa kufaa humwachia mtoto aamue kwanza, halafu humwonyesha kilichotokea.

Hatua ya 1: Chagua mada yenye uamuzi ndani yake. Uganda haina bahari, kwa hiyo kahawa yetu haiwezi kufika Ulaya bila kupita kwa jirani. Hapo pana maamuzi tele. Tarehe za uhuru ziache ubaoni, hazihitaji kompyuta.

Hatua ya 2: Chora njia kwenye karatasi. Kazi kubwa iko hapa, usiharakishe. Toka Kampala kwa njia mbili. Ya kwanza ni barabara: Jinja, ambapo lori linavuka Nile kwenye daraja lililofunguliwa 2018, kisha Tororo, Malaba, Eldoret, Nakuru, Nairobi, Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 1,100. Ya pili ni ziwa: Port Bell, meli mpaka Mwanza, treni mpaka Dar es Salaam.

Kila kituo kiwe na swali la machaguo mawili, na kila chaguo liwe na faida yake na hasara yake. Mfano, kabla ya kuondoka Kampala: tuongeze magunia kupita uzito unaoruhusiwa, au tuondoke na haya tuliyo nayo? Kundi lililoongeza litakutana na mizani ya Busitema, kituo cha kupimia malori kabla ya kufika Malaba. Lori linazuiwa, magunia yanashushwa, siku imepotea. Tafadhali usiandike "Umekosea" popote. Waonyeshe lori limesimama na magunia yako chini. Wataanza kulaumiana wenyewe, na hapo somo limeshaingia.

Malaba weka slaidi ya kituo cha pamoja cha mpaka, ambapo maofisa wa Uganda na Kenya wanakagua mzigo mahali pamoja. Umoja wa Forodha wa Jumuiya, ulioanza 2005, ni maneno makavu kitabuni, lakini kwa mtoto mwenye lori kwenye foleni ni jambo linalomhusu.

Hatua ya 3: Ingiza kwenye kompyuta. Tumia LibreOffice Impress, programu ya kutengeneza slaidi, ni ya bure. Kila kituo slaidi moja: picha, sentensi mbili, vitufe viwili. Bonyeza kitufe kwa upande wa kulia wa kipanya, chagua Interaction, kisha uelekeze kwenye slaidi ya matokeo. Halafu ingia Slide Show Settings na uondoe alama kwenye mstari unaoruhusu slaidi kubadilika mtu akibonyeza popote. Ukisahau hili, mtoto atagusa pembeni kidogo na lori litaruka kutoka Tororo hadi Nairobi.

Hatua ya 4: Darasani. Makundi yachague kwa kuinua kadi, yakiwa na ramani mkononi. Kabla ya kubonyeza, uliza kundi moja: kwa nini? Usiruke swali hilo hata muda ukiwa mfupi. Mwishoni kila mtoto achore njia yake daftarini na kueleza alichopoteza na alichopata.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina watoto themanini na sina projekta.*
Pole, ndugu. Usiwalundike mbele ya kioo cha laptopu. Mtoto mmoja asome slaidi kwa sauti, mwingine ashike kipanya, mmoja aandike kura za makundi ubaoni. Umeme ukikatika, endelea na karatasi ya hatua ya 2. Mchezo ni uleule.

*Hakuna michezo iliyo tayari? Sina muda wa kutengeneza.*
Ipo. GCompris, programu ya michezo ya watoto, ni ya bure, haihitaji intaneti ukishaiweka, na ina zoezi la kupanga nchi za Afrika kwenye ramani. Inafaa kwa marudio. Ila programu yoyote ya ramani ikague kwanza: kama Sudan Kusini haimo, ilitengenezwa kabla ya 2011. Orodha ya Jumuiya nayo iangalie, maana DRC iliingia 2022 na Somalia 2024. Sasa tuko nchi nane.

*Mwalimu mkuu anasema watoto wanacheza tu.*
Mheshimu, mkaribishe aketi nyuma kipindi kizima, kisha umpe madaftari. Ramani zenye maelezo zitamjibu vizuri kuliko wewe.

*Slaidi niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?*
PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, inafanywa kwa Kiingereza, kwa hiyo slaidi ziandike hivyo ili watoto wazoee maneno ya mtihani. Mabishano ya kundi yaache yaende kwa Kiswahili au lugha yoyote ya nyumbani. Mtoto anayetafuta neno la Kiingereza katikati ya hoja huiacha hoja yenyewe, na hoja ndiyo tunayoitaka.