Jinsi ya kutafiti maamuzi ya kampuni: shika uamuzi mmoja uufuate mpaka mwisho

Wengi wanaoingia kwenye utafiti wa menejimenti na mkakati wanaanza na dodoso. Maswali 30 ya nakubali sana, nakubali, sina uhakika, wanawatumia mameneja, yakirudi wanayaingiza kwenye SPSS, programu ya takwimu, majedwali yanatoka, tasnifu imejaa. Dodoso lina kazi yake na sio adui, ila kama swali lako ni kampuni inaamuaje mambo yake makubwa basi dodoso peke yake litakuonyesha jinsi mameneja wanavyopenda waonekane wanaamua, na hicho ni kitu kingine kabisa. Muulize bosi yeyote kama huwa wanachambua taarifa kabla ya kuamua, atakwambia ndiyo, tena kwa moyo safi.

Njia ninayoiamini mimi ni hii: unachukua uamuzi mmoja ambao umeshafanyika, unaufuatilia tangu siku wazo lilipotajwa mara ya kwanza mpaka siku hela zilipotoka au watu walipohamishwa, ukimaliza huo unachukua mwingine. Inachosha, ila ndo inayokupa kitu cha kuandika ambacho mwenye kampuni mwenyewe hakukijua.

Mfano wa Honda unaonyesha kwa nini nasisitiza hivi. Serikali ya Uingereza ilitaka kujua kwa nini viwanda vyake vya pikipiki vinazidiwa, kazi wakapewa Boston Consulting Group, kampuni ya ushauri wa biashara, ripoti ikatoka 1975. Ripoti ikaeleza vizuri tu kwamba Honda walizalisha pikipiki nyingi sana kwao Japani, gharama ya kila moja ikashuka, halafu wakaingia Marekani na pikipiki ndogo za bei nafuu na kupanda kidogo kidogo kwenda kwenye kubwa. Mkakati umenyooka, ukafundishwa vyuoni. Sasa mtafiti wa menejimenti Richard Pascale akaenda Tokyo mwaka 1982 akakaa na maofisa 6 wa Honda waliohusika na ile safari ya kuingia Marekani 1959, na alichokichapisha 1984 kilikuwa habari nyingine. Walienda na nia ya kuuza pikipiki kubwa. Zikaanza kuvuja oili na klachi kufa, kwa sababu Wamarekani walikuwa wanaenda mbali na kwa spidi kuliko walivyozoea Wajapani. Vile vidogo vya cc 50, Supercub, walikuwa wanavitumia wenyewe kwa shughuli zao pale Los Angeles, watu wakaanza kuviulizia, mpaka mnunuzi wa Sears, maduka makubwa ya Marekani, akapiga simu. Na hata hapo walisita, wakiogopa kwamba vitawaharibia jina kwa wapenzi wa pikipiki kubwa. Walivisukuma sokoni baada ya zile kubwa kuwakwamisha.

Angalia kwamba gharama ndogo za Honda zilikuwa za kweli. Ripoti ilijibu swali la kwa nini walishinda, Pascale akajibu la walifikaje pale. Watafiti wengi wanachanganya haya mawili, wanachukua matokeo ya mwisho wanarudi nyuma kutunga nia, kisha wanaiita mkakati. We andika mapema, kwenye pendekezo lako la utafiti, ni swali lipi unajibu.

Haya, kuchagua uamuzi. Tafuta ulio mgumu kugeuza na uliogharimu hela au watu: kufungua tawi, kufuta bidhaa, kubadili mfumo wa kompyuta, kununua kampuni nyingine. Uwe umeisha lakini sio zamani mno, mwaka mmoja mpaka mitatu hivi, ili waliohusika wawepo bado na makaratasi yawepo. Usikubali bosi akuchagulie, atakupa ule anaojivunia. Na lazima uingize uliofeli au uliokataliwa, hapa sibembelezi. Mtafiti Paul Nutt alikusanya maamuzi 400 ya taasisi mbalimbali na karibu nusu yalikuwa yamefeli, kwa hiyo ukisoma yaliyofaulu tu huwezi kujua kama kile ulichokiona ndani yake hakipo pia kwenye yaliyoanguka. Nzuri zaidi ni jozi: tawi lililofunguliwa na tawi lililopendekezwa likakataliwa, kampuni ileile, miaka ileile.

Kabla hujamhoji mtu omba makaratasi. Mihtasari ya vikao, bajeti, barua pepe, na hasa rasimu zote za andiko la mradi, sio ile ya mwisho yenye sahihi tu. Fungua jedwali kwenye Eksel, safu ya tarehe, kilichotokea, nani alikuwepo, ni karatasi gani inathibitisha, na njia nyingine zipi zilikuwa mezani siku hiyo. Hiyo safu ya mwisho wengi hawaiweki na ndiyo yenye utamu wote, kwa sababu ukikuta inaandika njia ileile moja kwenye kila mstari umeshajua kwamba vikao vilikuwa vya kubariki, mjadala haukuwepo.

Rasimu zisome sambamba. Tuseme andiko la Machi linakadiria wateja 4,000 mwaka wa kwanza, la Juni linasema 6,500, na katikati hakuna utafiti wa soko uliofanyika wala taarifa mpya iliyoingia. Kilichobadilika ni kwamba Mei idara ya fedha ilisema mradi lazima urudishe hela zake ndani ya miaka 3. Unaona? Namba imevutwa ili ifike kwenye mstari. Hakuna mtu atakayekwambia hilo kwenye mahojiano, wengine hata hawakumbuki kama lilitokea, lakini limelala pale kwenye rasimu mbili na tarehe zake.

Sasa mahojiano. Kumbukumbu ya binadamu inajirekebisha yenyewe, hili limepimwa. Mwanasaikolojia Baruch Fischhoff mwaka 1975 alionyesha kwamba mtu akishajua tukio liliishaje anaona lilikuwa linatabirika kuliko lilivyokuwa. Na Brian Golden mwaka 1992 aliwauliza wakuu wa taasisi mkakati wao ulikuwa upi miaka 2 nyuma, akalinganisha na walichokuwa wamesema wakati ule wenyewe, zaidi ya nusu ya majibu hayakulingana. Hawakuwa waongo hao, ni kawaida yetu sote. Kwa hiyo acha kabisa kuanza na swali la kwa nini, maana hilo linamwalika mtu akutungie hotuba. Uliza nini kilifuata, nani alikuwa chumbani, ulikuwa na karatasi gani mkononi, nani aliongea akanyamazishwa, lini ulijua kwamba hili litapita. Mpe muhtasari wa kikao cha siku ile ausome kwanza, kaa kimya, mwache akumbuke. Swali la kwa nini utaliuliza mwishoni, na jibu lake utalitunza kama maelezo ya leo, sio ushahidi wa jana.

Usianzie juu. Anza na waliokuwa wanashika kazi yenyewe, mpanga ratiba wa kiwandani, mhasibu aliyejaza zile fomu, msaidizi aliyeandika rasimu ya kwanza, halafu panda. Robert Burgelman alipotafiti Intel, kampuni ya Marekani ya kutengeneza chipu za kompyuta, aligundua kitu kikubwa kinachoonyesha kwa nini. Inajulikana kwamba Intel waliacha chipu za memori mwaka 1985, na ilikuwa bidhaa iliyowajenga, uamuzi mgumu wa wakuu wake Andy Grove na Gordon Moore. Lakini viwandani nafasi ya uzalishaji ilikuwa inagawiwa kwa kanuni ya faida kwa kila kisahani cha silikoni ambacho chipu hutengenezwa juu yake, maikroprosesa, zile chipu za ubongo wa kompyuta, zikawa zinaingiza zaidi, basi mameneja wa kati wakawa wanazihamishia nafasi mwezi kwa mwezi bila kutangaza mkakati wowote. Wakuu walipokuja kuamua, memori ilikuwa imeshabaki sehemu ndogo tu ya mauzo. Ukiwahoji wakuu peke yao utaandika kwamba uamuzi ulifanyika 1985, wakati kanuni ya mgao ilikuwa imeshaamua sehemu kubwa kabla yao. Kwenye kampuni unayoitafiti itafute kanuni ya aina hiyo, mara nyingi ni fomu ya kawaida au kiwango cha bonasi ambacho hakuna anayekiona kama mkakati.

Jedwali likishajaa ndo uingize nadharia, na usiziingize zote. Herbert Simon, aliyepata Nobel ya uchumi 1978, alisema watu hawatafuti njia bora kuliko zote, wanatafuta mpaka wapate inayotosha kisha wanasimama. Hilo linapimika, angalia msako wa njia mbadala ulikoma tarehe gani na nini kilipatikana siku hiyo. Watafiti Cohen, March na Olsen mwaka 1972 walisema ndani ya taasisi suluhisho wakati mwingine linatangulia, linazunguka linatafuta tatizo la kujishikiza, hilo nalo jedwali linakwambia, mfumo mpya wa kompyuta ulitajwa kabla au baada ya malalamiko ya wateja? Barry Staw mwaka 1976 alionyesha watu wanaobeba lawama ya uwekezaji ulioharibika wanavyozidi kuumwagia hela, kwa hiyo kama mradi uliendelea licha ya hasara cheki kama aliyeuanzisha ndo huyohuyo anayeamua uendelee. Kathleen Eisenhardt naye mwaka 1989 alikuta kwenye kampuni za kompyuta kwamba waliokuwa wanaamua haraka walitumia taarifa nyingi zaidi na kupima njia kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo usikimbilie kuandika kwamba kasi ni uzembe.

Chukua mbili au tatu, soma kisa kilekile kwa kila moja uone ipi inaacha mambo mengi bila maelezo. Graham Allison alifanya hivyo 1971 na mgogoro wa makombora ya Cuba kati ya Marekani na Sovieti, Oktoba 1962, akausoma mara tatu, kama hesabu za nchi moja yenye akili moja, kama mazoea ya taasisi, na kama mvutano wa wakubwa. Kila usomaji ulitoa mambo ambayo mwingine haukuyaona.

Idadi ya visa isikutishe. Eisenhardt alipendekeza 4 mpaka 10 kama unataka kujenga nadharia, lakini mwanafunzi wa uzamili mwenye visa viwili au vitatu vilivyochimbwa sawasawa anasimama vizuri, mradi asidai kwamba kampuni zote ziko hivyo. Anachoweza kudai ni jinsi jambo linavyotokea, hatua kwa hatua, na wapi lingeweza kwenda kwingine.

Kuna la faragha. Kubadili jina la kampuni hakutoshi, maana wa ndani watajuana kwa vyeo, kama kuna mkuu wa fedha mmoja basi umeshamtaja. Unganisha vyeo, ondoa tarehe kamili kwenye andiko la mwisho ubakize mwezi au robo ya mwaka, jedwali lenye majina libaki kwako limefungwa kwa nywila.

Na haya makubaliano yaweke kwenye barua ya kwanza kabisa ya kuomba ruhusa, usisubiri mambo yachemke: ukimaliza utawatumia mtiririko wa matukio, watakuwa na wiki 2 za kusahihisha tarehe, namba na nani alikuwepo, wakileta karatasi inayopinga unabadilisha, wakileta maneno matupu unaandika pande zote mbili, lakini tafsiri inabaki yako. Bosi akisaini hapo mwanzoni kabla hajajua utakachokikuta, na wewe utunze nakala yenye sahihi yake, siku akisoma habari ya ile namba ya Juni mtakuwa na kitu cha kurudia wote wawili.